Kusugua Kisigino kwa Tupa ya Bei Ndogo



Asubuhi moja mama mumoja alifika kwetu akichechemea. Alikuwa amefunga muguu wake kwa kitambaa cha zamani. Tulipokifungua tuliona kisigino kimepasuka, na ndani ya ufa mumoja mulikuwa usaha. Nikamuuliza, "Mama, jambo hili lilianza namna gani?"

Akajibu, "Lilianza na ngozi ngumu tu. Tulikuwa tunaenda arusini, nikaona haya. Mutoto wangu akaikata kwa wembe."

"Wembe ule ulikuwa wa nani?"

"Wa sisi wote nyumbani."

Wasomaji, katika maneno yale machache muna makosa matatu. Ngozi iliachwa mupaka ikapasuka. Kisha ilikatwa kwa wembe. Na wembe ule ulikuwa wa watu wengi. Lakini ngozi ngumu inaweza kutunzwa nyumbani bila wembe na bila franka nyingi. Tutazame namna yake.

SABABU GANI KISIGINO KINAPASUKA?

Ngozi ya chini ya muguu haifanani na ngozi ya mahali pengine. Ni nene, haina nywele, wala haitoi mafuta yake yenyewe kama ngozi ya uso. Inapata maji kidogo kwa njia ya jasho tu. Kwa hiyo inakauka upesi.

Mutu akitembea bila viatu, au akivaa kandambili zisizoshika kisigino, uzito wa mwili unasukuma kisigino kitanuke pembeni. Ngozi laini inavutika na kurudi. Ngozi kavu na ngumu haiwezi kuvutika, basi inapasuka, kama udongo wa shamba wakati wa jua kali. Watu wengine wanaita hali hii magaga. Ufa mudogo hauumi. Ufa murefu unafika kwenye nyama yenye damu, na hapo unakuwa mulango wa vijidudu. Vijidudu vya pepopunda vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na miguu yetu inakanyaga vitu hivyo kila siku.

TUPA YA MIGUU

Sokoni wanauza tupa ndogo ya miguu. Ina mukono wa kushika, na pande mbili: upande mumoja wenye kukwaruza sana, upande wa pili laini zaidi. Bei yake si kubwa. Mutu asiyeweza kuinunua atafute jiwe jepesi lenye matundu madogo. Wale wanaokaa karibu na milima ya moto, kama watu wa Goma, hawakosi mawe. Lakini mawe mengine ya volkano ni makali kama chupa iliyovunjika. Pitisha kwanza jiwe juu ya mukono wako. Kama linakata, litupe.

Mimi mwenyewe nilinunua tupa moja ili niijaribu kabla ya kuwafundisha wengine. Siku ya kwanza nilikosea. Nilifurahi kuona unga mweupe unaanguka, nikaendelea kusugua mupaka ngozi ikawa nyekundu. Kesho yake nilitembea kwa maumivu siku nzima. Ndipo nilipokumbuka kwamba ngozi nene ya kisigino si adui. Ni kiatu tulichozaliwa nacho. Tunapunguza ile iliyozidi tu, hatuimalizi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Nawa miguu kwa sabuni. Kisha iweke katika beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 10 au 15. Jaribu maji kwanza kwa kiko cha mukono.

2. Kausha miguu kwa kitambaa safi, na katikati ya vidole pia. Unyevu ukibaki pale, ukurutu unaingia.

3. Sugua kwa upande wa kukwaruza mara chache, polepole, kwa njia moja. Usiende mbele na nyuma kama mutu anayekata ubao kwa musumeno. Kisha maliza kwa upande laini.

4. Acha kusugua kabla ya ngozi kuwa nyekundu au kuuma. Kama unaona damu, umepita kipimo. Usisugue kamwe mahali penye kidonda au ufa wenye damu.

5. Paka mafuta upesi, wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Vazelini ni nzuri. Mafuta ya mawese au ya nazi yanasaidia pia. Mafuta hayaleti maji mapya katika ngozi. Yanafunga mulango ili maji yaliyo ndani yasitoke. Usipake katikati ya vidole.

6. Osha tupa kwa sabuni na maji, uianike juani mupaka ikauke. Kila mutu awe na tupa yake.

Fanya hivi mara moja au mbili kwa juma, lakini mafuta upake kila usiku. Magaga ya miezi mingi hayaondoki kwa siku moja. Mutu mwenye haraka ndiye anayerudi kwa wembe.

NENO JUU YA NYWELE ZA MUGUU

Vijana wa kike wameniuliza kama tupa hiyo inaweza kuondoa nywele za miguu. Nawajibu hivi. Ngozi ya mbele ya muguu ni nyembamba. Tupa ya kisigino itaichubua. Kuna vitambaa vingine vyenye muchanga laini sana vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Vinavunja nywele juu ya ngozi tu, havizing'oi, basi zinaota tena. Mutu anayetaka kuvijaribu aanze na mahali padogo kama pesa ya chuma, angoje mupaka kesho. Akiona vipele au wekundu, aache.

Anayenyoa kwa wembe aloweshe ngozi kwanza kwa maji na sabuni, apitishe wembe upande ule nywele zinakolalia, na wembe uwe wake peke yake. Kirusi cha ugonjwa wa ini unaoitwa hepatiti B kinaweza kuishi inje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Tone la damu ambalo jicho halilioni linatosha. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya UKIMWI, wembe wa mutu mumoja usiguse ngozi ya mwingine, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Tena nywele za muguu si ugonjwa. Mutu asiyeziondoa hakosi kitu.

WALE WASIOSIKIA MAUMIVU

Hapa nawaomba musome polepole. Tulisema, "Acha kusugua kabla ya kuuma." Lakini kuna watu ambao muguu wao hauumi. Ukoma unaharibu mishipa ya fahamu, na ugonjwa wa sukari unafanya hivyo pia. Muguu unakuwa kama wa mutu mwingine. Na kwa kuwa mishipa ile inaleta jasho vilevile, ngozi inakauka na kupasuka kuliko ya watu wengine.

Zamani watu walifikiri kwamba ukoma wenyewe unakula vidole. Munganga Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore katika inchi ya India tangu mwaka wa 1946, alionyesha kwamba vidole vingi vinapotea kwa sababu ya majeraha ambayo mugonjwa hakuyasikia: moto, musumari, kiatu kinachobana, ufa uliooza. Tangu 1981 kuna dawa za pamoja zinazoponya ukoma, nazo zinatolewa bure. Dawa zinaua vijidudu, lakini mushipa uliokwisha kufa haurudi. Kwa hiyo mutu aliyepona ukoma bado ana kazi ya kutunza miguu yake maisha yake yote.

Mwenye muguu usiosikia atazame miguu yake kila jioni kwa macho, chini na pembeni. Kama hawezi kuinama, atumie kioo, au mutoto wake amutazamie. Asitumie tupa yenye meno ya chuma. Aliyepona ukoma aloweshe miguu katika maji ya baridi kwa dakika 20 au 30, asugue kidogo kwa jiwe laini huku akitazama, kisha apake mafuta. Mwenye sukari asiweke miguu majini muda murefu, wala asianze kusugua kabla ya kumuonyesha muuguzi miguu yake. Wote wawili wavae viatu vyenye soli laini, hata nyumbani. Wakiona kidonda, waje siku ile ile. Wasiseme, "Hakiumi." Kutokuuma kwake ndiyo hatari yake.

Mama yule wa arusi alikaa na bendeji kwa majuma mengi, na shamba lake likaota majani. Siku alipopona nilimuonyesha tupa. Akacheka, akasema, "Kitu kidogo hivi?" Ndiyo, mama, ni kitu kidogo. Beseni la maji, tupa ya bei ndogo, mafuta kidogo, na dakika chache za jioni.

Leo, kabla ya kulala, leta taa karibu na utazame visigino vyako. Kisha tazama vya muzee wako pia, kwa maana yeye hawezi tena kuviona.