"Ukidunga Kansa Inakasirika": Uoga wa Sindano Ulivyotupotezea Wiki Saba

Anko alianza kukohoa Januari. Alipewa antibiotiki mara tatu, kisha akaanzishiwa dawa za TB ilhali makohozi yake hayakuwa yameonyesha chochote. Ni Juni ndipo mtu alifikiria kumtuma skani ya CT. Picha ikaonyesha uvimbe wa ukubwa wa limau nyuma ya mfupa wa kifua, umekaa karibu kabisa na mishipa mikubwa ya moyo.

Daktari akasema hawezi kuanza matibabu kwa picha tu. Lazima wachukue nyama kidogo kwa sindano ipimwe. Biopsi.

Jioni hiyo kikao cha familia kiliitishwa kwetu Umoja na manze, ilikuwa bunge. Shangazi ndiye spika. "Ukidunga kansa inakasirika," akasema, na kila mtu akatoa stori ya jirani aliyedungwa wiki hii, mwezi uliofuata akazikwa. Anko alinyamaza tu. Tulikaa hivyo wiki saba, yeye akizidi kukonda.

Mimi si daktari, lakini bando ninayo, na nilisoma usiku kucha. Hiyo stori ya shangazi haikutoka hewani. Seli za kansa zinaweza kubaki kwenye njia iliyopitiwa na sindano. Hutokea, ila ni nadra, na madaktari wanajua ni wapi pa kuogopa. Uvimbe wa korodani, kwa mfano, kwa kawaida haudungwi, hutolewa mzima. Kansa nyingine za ini hutambuliwa kwa skani bila kudungwa kabisa. Kwingine, kutojua unatibu nini ndiyo hatari kubwa zaidi. Na yule jirani? Wengi hufika kwa sindano wakiwa wameshachelewa, halafu sindano inabeba lawama.

Kitu kingine sikujua ni kwamba sindano si moja. Kuna ile nyembamba, mara nyingi nyembamba kuliko ya kutolea damu, inayofyonza seli chache tu. Hayes Martin na Edward Ellis waliandika kuhusu kufyonza seli kwa sindano huko New York mwaka wa 1930, enzi ambazo daktari alidunga kile ambacho kidole chake kimeshika. Siku hizi anafuata picha. Ini, matiti na shingo hufuatwa kwa ultrasaundi. Mapafu yana hewa, na hewa huzuia ultrasaundi, kwa hivyo uvimbe ulio ndani huko unafuatwa kwa CT. Kongosho nayo imejificha nyuma ya tumbo, basi wanapitisha mpira mdomoni wenye ultrasaundi ndogo kwenye ncha, halafu sindano inatoboa ukuta wa tumbo kutoka ndani. Hata ubongo hufikiwa, kupitia tundu dogo kwenye fuvu.

Anko alipokubali hatimaye, walianza na ile nyembamba. Majibu yakarudi: sampuli haitoshi. Shangazi alishinda siku hiyo, na hakutuacha tusahau.

Daktari alitueleza vizuri. Kuna magonjwa ambayo seli chache hazisemi kitu. Ni lazima uone zimepangana vipi. Ni kama kujaribu kuijua estate kwa kuangalia wapangaji watano waliosimama steji. Ilihitajika sindano nene zaidi, ile inayokata kipande kizima cha nyama.

Mara ya pili nilimsindikiza. Walikuwa wamempima damu kuona kama inaganda sawasawa na kumuuliza kama anatumia aspirini. Akalazwa chali kwenye mashine, wakaweka alama pembeni ya mfupa wa kifua, wakamdunga ganzi. Sindano inasogezwa kidogo, anaambiwa abane pumzi, skani tena, inasogezwa kidogo. Hakuna haraka, kwa sababu ukikosea kidogo tu umefika kwenye mshipa. Kisha tak! Anko anasema ilisikika kama stepla. Walitoa vipande vitano vyembamba kama tambi, kila kimoja hakifiki sentimita mbili.

Baadaye alipigwa eksrei, kwa kuwa sindano ikigusa pafu, hewa inaweza kuvuja na pafu likanywea. Mara nyingi huwa ni ya kuangaliwa tu, ingawa wengine huwekewa mpira wa kutoa hewa. Yeye alikuwa sawa, njaa tu.

"Kijana," aliniambia kwenye matatu, "mimi nimekuwa makanika miaka thelathini. Sijawahi kushusha giaboksi ya mtu kwa kuangalia picha ya gari."

Majibu yalichukua siku kumi. Limfoma, pamoja na jina la aina yake, na hilo jina ndilo lililoamua ni dawa gani za kemo atapewa. Zile za TB alizomeza miezi yote hazikuwa na kazi yoyote pale. Sasa amemaliza mzunguko wa tatu. Kikohozi kimepungua, nywele zimeisha, na anadai kofia inampendeza.

Shangazi hajawahi kusema alikosea, na sisi hatujamuuliza. Lakini Jumapili alinifuata jikoni, akashusha leso yake kidogo. Kuna kauvimbe kwenye shingo yake amekuwa akikaita goita tangu nikiwa darasa la sita.

"Hiyo sindano yenu," akanong'ona, "ile nyembamba. Inauma?"

Nikamwambia ni kama kutolewa damu. Nimemchukulia nafasi Alhamisi.