Kumi Walipona, Mmoja Akageuka

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari ya wanaume kumi waliosimama mbali.

Walisimama mbali kwa sababu walikuwa na ukoma. Zama zile, mpakani mwa Samaria na Galilaya, mwenye ukoma hakuruhusiwa kukaa na watu. Torati ilimtaka avae nguo zilizoraruliwa, aishi peke yake nje ya kambi, na apaze sauti kuwaonya watu kwamba yeye ni najisi. Hebu fikirini: huwezi kumbeba mdogo wako, huwezi kula sinia moja na wenzako, wala hakuna wa kukupa mkono wa salamu.

Yesu alikuwa akipita kwenda Yerusalemu. Wakamlilia awahurumie. Hakuwagusa, hakuwapaka dawa. Aliwaambia tu waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa kuwa kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kumkagua mtu na kutangaza kwamba ametakasika. Hapa sikilizeni vizuri: walipoanza safari, ukoma ulikuwa bado mwilini. Waliondoka wagonjwa, wakapona njiani.

Mmoja akaona kwamba amepona. Akageuka. Luka, aliyeiandika habari hii katika sura ya 17 ya Injili yake, anasema alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Sauti ileile iliyozoea kuwaonya watu wasimkaribie! Akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, karibu kabisa, mahali ambapo muda mchache uliopita hakuthubutu kufika. Naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo.

Wale tisa je? Wengi huwasema vibaya, lakini mimi siwezi. Walitii walichoambiwa. Tena mambo ya sheria yalikuwa mengi: Mambo ya Walawi 14 inataja ndege wawili, mti wa mwerezi, hisopo, kunyoa nywele zote, kuoga, kukaa nje ya hema siku 7, kisha sadaka siku ya 8. Ndipo mtu arudi kwao, akakumbatiwe. Haraka yao naielewa. Hata hivyo Yesu aliuliza wako wapi, na swali lile huniuma kila ninapolisoma, maana linaonyesha kwamba alikuwa akiwatazamia. Walipata ngozi safi wakaenda zao bila kukaa na aliyewaponya hata kidogo. Msamaria alipata vyote viwili.

Hapa kwetu Mtongwe homa ya malaria tunaijua. Umepelekwa zahanati, umedungwa kidole, umepewa vidonge vya siku 3, na siku ya pili tu unataka kukimbilia mpira. Kabla hujakimbia, geuka. Mshukuru Mungu, tena kwa sauti, usione haya. Kisha mwambie asante mama aliyekukanda kwa kitambaa cha maji usiku kucha, na muuguzi, na jirani aliyekuletea uji, hata kama yeye huswali msikitini nawe huenda kanisani. Kumshukuru mtu hakumpunguzii Mungu sifa, kwani mkono uliokuhudumia ni yeye aliyeutuma. Na hivyo vidonge uvimalize vyote, hata ukijisikia mzima.

Najua swali mlilo nalo. Na asiyepona je? Ni swali kubwa, nami sitalikwepa.

Vukeni feri ya Likoni, mpite Mombasa mjini, mvuke daraja la Nyali. Kule upande wa pili kuna kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Ujerumani, walikuja kuishi Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huo homa iliwalaza wote wawili. Rosine akafa tarehe 13, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na kile kichanga kikamfuata mama yake. Krapf akapona.

Alipona ndani ya nyumba tupu. Angepanda chombo akarudi kwao, nani angemlaumu? Yeye aliwaandikia wakubwa wake wa misheni huko London kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi ya Injili imeanza upande huu wa Afrika. Akaendelea kujifunza Kiswahili, akakitafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu.

Msidhani kwamba msiba haukumuuma. Mke na mtoto kwa wiki moja! Mungu hakumweleza kwa nini wao waliondoka naye akabaki, na mimi pia siwezi kuwaeleza. Ninachoona ni kwamba hakungoja aelezwe ndipo ashukuru. Uzima aliobakiziwa aliurudisha kwa aliyempa, akiwa bado na majonzi. Homa yenyewe haikumwacha. Agosti 1846, siku ambayo yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai kuanzisha kituo cha misheni, wote wawili walikuwa wagonjwa tena. Wakaupanda mlima wa Rabai hivyohivyo, na kanisa la huko lingali pale mpaka leo.