Ushuru Sifuri, Maharage Yamerudi

Huku kwetu Lukozi, juu kabisa ya Lushoto, wengi wanaamini mboga zetu haziendi Ulaya kwa sababu ya ushuru. Nami niliamini hivyo, mpaka siku mnunuzi wa kupeleka Ulaya alipoyakataa maharage yangu machanga kabla hata hayajapanda Fuso. Nilikuwa nimeyapanga kreti kwa kreti, yamenyooka kama vijiti vya kiberiti. Kosa langu lilikuwa moja: nilipuliza dawa Jumatatu, nikavuna Alhamisi. Nikamuuliza, na huo ushuru wa Wazungu ni kiasi gani? Akacheka. "Ushuru sifuri, mama. Kilichokuponza ni dawa."

Nilimkasirikia, lakini alisema kweli. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unazipokea bidhaa zote za nchi maskini zaidi duniani, isipokuwa silaha, bila ushuru wala ukomo wa kiasi. Tanzania imo, na haikudaiwa chochote.

Kenya haimo katika kundi hilo. Oktoba 2014 maua yake yalianza kutozwa ushuru Ulaya, na hali hiyo ikadumu karibu miezi mitatu. Mwezi huohuo Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki zikamaliza mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi: sisi tuendelee kuuza kwao bila ushuru, nao tuwaondolee ushuru kwenye asilimia 82.6 ya biashara yao, hatua kwa hatua, kwa miaka 25. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 2016. Tanzania ikagoma. Rais wetu wa zamani, Mzee Benjamin Mkapa, alishauonya umma kwamba viwanda vyetu vichanga vitazidiwa, na Novemba mwaka huo Bunge likakataa. Kenya ikaishia kusaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Mimi nilikuwa upande wa Mkapa na bado nipo. Anayepita getini bure akatoe kiingilio cha nini? Mkenya alikuwa na maua ya kuokoa; simlaumu.

Ila geti la bure lina mwisho wake. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwa mara ya kwanza kwamba Tanzania imefikia vigezo vya kutoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi. Tathmini hufanyika kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo inayofuata ni 2027, na nchi ikishatoka hupewa na Ulaya miaka mitatu tu ya kujipanga. Siku hiyo hatutakuwa tena wa kugoma kirahisi.

Kwa hiyo wakubwa wa Dodoma, kabla hamjarudi mezani na Wazungu, pandeni kona za Soni mje huku. Tuleteeni bwana shamba wa kutufundisha dawa ipi husubiriwa siku ngapi kabla ya kuvuna, na chumba cha baridi pale Mombo, maana joto la bondeni huozesha kazi ya miezi mitatu kwa mchana mmoja. Kwa sasa mboga zangu zinashuka Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, na huko hakuna aliyewahi kuniuliza nilipuliza lini.