Pumzi Fupi na Mawazo Mengi



Tunataka kueleza jambo ambalo wengi wetu tunaliona nyumbani bila kulijua jina. Ni habari ya watu wenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi: pumu, kifua kilichoharibiwa na moshi, ao mapafu yaliyobaki na makovu kisha kifua kikuu kupona. Watu wanasema: «Ule muzee iko na mawazo tu.» Kweli iko na mawazo, lakini mawazo hayo yana njia yanayopitia.

Hapa kwetu Mabalako si wavuta tumbako peke yao wanaougua. Mama anayepika maharagi kwa kuni, katika nyumba ya kupikia isiyo na dirisha, anakula moshi tangu utoto. OMS inahesabu kwamba moshi wa namna hiyo uliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka wa 2020. Njia za hewa zinakuwa nyembamba. Hewa inaingia, lakini kutoka inachelewa.

Woga unaingia hivi. Mtu anapanda kilima na bido ya maji, pumzi inamkatikia. Anawaza: leo nakufa. Woga unafanya moyo upige mbio na pumzi iende mbiombio. Sasa, kama hewa ya kwanza haijamaliza kutoka, ya pili itaingilia wapi? Inarundikana kifuani, pumzi inazidi kuwa fupi, na woga unaongezeka. Hajifanyi! Tena dawa ya kupulizia mdomoni, salbutamoli, inaweza kutetemesha mikono na kupigisha moyo, naye anadhani ni ugonjwa unapanda.

Huzuni inakuja polepole. Anaacha shamba la kakao, kisha soko, kisha kanisa, ju anaogopa kukohoa mbele ya watu. Kuketi siku zote kunaregeza miguu, na miguu dhaifu inachoka upesi. Mwishowe hata kwenda chooni ni safari. Hapo hataki kula, usiku halali, anasema yeye ni mzigo, na dawa anaacha. Jamaa wanaanza kutafuta nani amemloga.

Sisi wa huku tuna jambo lingine juu ya hayo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilianzia Mangina, katika zoni yetu ya afya, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2.287 walikuwa wamekufa. Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka kupimwa joto barabarani. Ebola inaambukiza kwa kugusa maji ya mwili wa mgonjwa, si kwa hewa. Hata hivyo mwenye kukohoa alitazamwa vibaya. Vivyo hivyo aliyepona kifua kikuu: amemaliza dawa zake, muganga amesema haambukizi tena, lakini nyumbani kikombe chake kingali kando.

Pumzi ikimkatikia, msimzunguke. Fungueni mlango, aketi, ainame kidogo mbele, viwiko juu ya magoti. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza moto bila kurusha majivu. Lakini midomo ikigeuka rangi, ao akishindwa kumaliza neno, mpelekeni kituo cha afya mbio. Siku nyingine atembee kidogo kidogo, kwa shauri la muganga. Imeonekana kwamba mazoezi yanapunguza hata woga na huzuni. Pombe na vidonge vya usingizi vya sokoni, hapana: vinaweza kulegeza pumzi yenyewe. Akisema heri afe, asiachwe peke yake, na muganga ajue siku ileile. Goma kuna Tulizo Letu ya Mabruda wa Upendo kwa magonjwa ya akili, lakini ni mbali. Kituo cha karibu ndicho cha kwanza.

Na mukimtembelea, musimuulize tu «Habari ya mwili?», ju atajibu «Mungu anasaidia», mazungumzo yaishe. Mumuulize kama analala, na ni kitu gani anaogopa usiku.