Anga Juu ya Ajali Hufungwa kwa Ajili ya Nani?

Tarehe 9 Januari 2025, moto ukiwa unateketeza mtaa wa Pacific Palisades mjini Los Angeles, ndege ya kuzimia moto iliyotoka Quebec, Kanada, iligongana na droni. Ndege hiyo ni ya aina inayoshuka hadi kwenye uso wa bahari, ikachota maji bila kusimama, kisha ikarudi kuyamwaga motoni. Droni ilitoboa bawa lake tundu la takriban sentimita 8 kwa 15. Marubani walitua salama, lakini ndege ikabidi iegeshwe kwa matengenezo katika siku ambazo kila ndege ilihitajika. Mwenye droni hakuwa mwanahabari. Alikuwa mtu binafsi aliyepanda juu ya jengo la maegesho huko Santa Monica, akaituma droni yake kwenda kutazama uharibifu, mpaka ikapotea machoni pake. Baadaye alikiri kosa mahakamani.

Habari hiyo ilitangazwa kote duniani, na ilistahili. Tatizo langu ni namna vyombo vingi vya habari vinavyosimulia visa vya aina hii: droni imeingia anga iliyofungwa, basi. Msomaji haambiwi nani aliifunga, kwa sababu ipi, hadi saa ngapi. Na sababu hazifanani. Kuna anga inayofungwa ili helikopta ya uokoaji ifike salama, na kuna anga iliyowahi kufungwa ili kamera isione.

Tuanze na sababu ya kweli, maana ni nzito. Rubani wa helikopta inayoruka chini, katikati ya moshi, hawezi kuiona droni ya kilo moja mpaka iwe imemfikia. Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni iligonga helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk katika anga iliyokuwa imewekewa zuio. Helikopta ilirudi salama ikiwa na ubapa mmoja wa rafadha yake umebonyea. Mwenye droni alikuwa umbali wa kilomita zipatazo 4, haioni, na hakujua kwamba imegonga kitu mpaka wachunguzi walipomfuata. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton walifyatua droni ya chini ya kilo moja kuelekea bawa la ndege ndogo kwa kasi ya karibu kilomita 380 kwa saa. Haikuvunjikia nje. Ilipenya ndani ya bawa na kuharibu mhimili wake mkuu. Watengenezaji wa droni walilalamika kwamba jaribio lilitumia kasi isiyo ya kawaida, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, kwangu mimi hakuna picha ya habari inayostahili kuhatarisha helikopta yenye majeruhi ndani. Ikisikika inakuja, droni ishushwe chini papo hapo, zuio liwepo au lisiwepo.

Sasa tutazame zuio lenyewe. Nchini Marekani zuio la muda la kuruka juu ya maafa hutolewa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, chini ya kanuni namba 91.137. Kanuni hiyo inatambua sababu tatu, na tofauti zake ndizo kiini cha jambo hili. Ya kwanza ni hatari inayotoka kwenye tukio lenyewe, kama gesi ya sumu au mlipuko. Hapo haruhusiwi yeyote isipokuwa ndege inayofanya kazi chini ya msimamizi wa uokoaji. Ya pili ni kuwapa nafasi salama wanaozima moto na wanaookoa watu. Ya tatu ni kuzuia ndege za watazamaji zisisongamane juu ya tukio lililovuta macho ya watu wengi. Katika sababu hizi mbili za mwisho, sheria imemwachia mwanahabari mlango. Akiwasilisha mpango wa safari yake na kupita juu zaidi ya ndege za uokoaji, anaruhusiwa kuingia. Waliotunga kanuni walielewa kwamba umma una haki ya kuona, hata siku ya maafa.

Kwa hiyo, afisa anayechagua sababu ya kwanza badala ya ya pili amewafungia wanahabari bila kulitaja neno habari. Hilo limewahi kutokea.

Machi 2013, bomba la mafuta la ExxonMobil lilipasuka katika mji mdogo wa Mayflower, jimbo la Arkansas, mafuta ghafi yakatiririka kati ya nyumba za watu. Anga juu ya mji ikafungwa. Tangazo la zuio lilisema ndege zitakazoruhusiwa ni zile tu zilizo chini ya uelekezi wa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na mtu huyo alikuwa mtumishi wa ExxonMobil. Yaani kampuni iliyomwaga mafuta ndiyo iliyowekwa kuwa bawabu wa anga iliyo juu ya mafuta yake. Baada ya waandishi kuhoji, tangazo lilirekebishwa na ndege za habari zikaruhusiwa. Lilirekebishwa kwa sababu kuna mtu alilisoma.

Kisa cha Ferguson, Missouri, hakikuwa ajali, lakini hakuna kinachoonyesha jambo hili wazi zaidi. Agosti 2014, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua Michael Brown, maili za mraba 37 za anga zilifungwa wakati wa maandamano. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa shughuli za polisi. Miezi michache baadaye shirika la habari la Associated Press lilipata rekodi za simu za maafisa wa FAA. Ndani yake maafisa wenyewe wanazungumza kwamba polisi hawakujali ndege za abiria zikipita hapo siku nzima. Walichotaka ni helikopta za vyombo vya habari zisiwepo. Rekodi hizo zinanihuzunisha kwa sababu waliokuwa wakizungumza walikuwa wataalamu. Walijua kinachotendeka, na zuio likaendelea.

Droni ziliingia katika sheria ambayo haikuziwazia. Kanuni 91.137 inazungumzia ndege iliyobeba mwanahabari, na droni haibebi mtu. Inamtaka apite juu ya ndege za uokoaji, ilhali kanuni za droni za mwaka 2016 zinaiwekea kikomo cha futi 400 kutoka ardhini, yaani mita zipatazo 120. Mlango ule ulioachwa kwa ajili ya habari, droni haiwezi kuupita. Ipo njia nyingine: FAA hutoa vibali vya haraka kwa shughuli zenye maslahi maalumu ya serikali, na utangazaji wa habari muhimu kwa wananchi umetajwa miongoni mwake. Lakini kibali hicho hupewa aliyekwisha kusajiliwa na kupata leseni. Anayeanza kutafuta karatasi siku ya ajali amechelewa.

Kabla ya kanuni za 2016 hali ilikuwa ya kubahatisha tu. Februari 2014, huko Hartford, Connecticut, mpiga picha wa televisheni aliirusha droni yake, akiwa nje ya saa za kazi, juu ya ajali ya gari iliyoua. Polisi walimwondoa, wakaiarifu FAA na kumpigia simu mwajiri wake, naye akasimamishwa kazi kwa muda. Alifungua kesi ya kudai uhuru wa habari, na mahakama ya shirikisho ikaitupa mwaka 2015. Utepe wa polisi unajulikana unaishia wapi ardhini. Unaishia wapi juu, hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika siku ile.

Hoja ya staha kwa marehemu nayo hutolewa mara nyingi, na siidharau. Mwili wa mtu haupaswi kuwa picha ya kuuzia habari. Ila kufunga anga hakutoshi kuulinda. Helikopta iliyombeba nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant ilipoanguka Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020 na kuua watu tisa, anga juu ya eneo hilo ilifungwa. Picha zilizowaumiza wafiwa hazikutoka angani. Zilipigwa kwa simu na watumishi wa umma waliokuwa ndani ya utepe, nao wakaonyeshana. Mwaka 2022 baraza la mahakama liliamuru wafiwa wawili walipwe jumla ya dola milioni 31, na jimbo la California limetunga sheria ya kuwadhibiti waokoaji wapigao picha za namna hiyo.

Wanaotaka droni za habari zipigwe marufuku kabisa wakumbuke pia Phoenix, Arizona. Julai 2007 helikopta mbili za televisheni ziligongana angani zikifuatilia polisi waliokuwa wakifukuza gari. Watu wote wanne waliokuwa ndani walikufa. Droni yenye kibali, inayorushwa na mtu aliyefunzwa na anayeiona, ingewabakiza waandishi wale ardhini wakiwa hai.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili bado halijatufikia kwa ukali huo, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kulishughulikia. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 na 19 wakapoteza maisha, nchi ilijionea wavuvi wakifika kuokoa kupitia simu za watu waliokuwa ufukweni. Maswali kuhusu kasi na vifaa vya uokoaji yalitokana na yale yaliyoonekana. Ajali ijayo itakuwa na droni juu yake. Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020, Tanzania nayo ina zake, na vibali hutoka kwa mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, KCAA na TCAA. Ninaziomba mamlaka hizi ziandike mapema, kwa lugha isiyo na utata, kwamba kila zuio juu ya ajali litaje sababu, mwombaji na saa ya kwisha, na lieleze njia ya mwanahabari mwenye leseni kuomba nafasi pale ambapo hakuna ndege ya uokoaji inayotumia anga hiyo.

Nawe mhariri, mpe mpiga picha wako mafunzo na leseni sasa, kabla ya siku ya ajali. Tangazo la zuio kwa marubani, liitwalo notamu, huandikwa kwa vifupisho, na saa zake ni za UTC. Ongeza saa tatu upate saa za Nairobi na Dar es Salaam. Lisome lote kabla hujaandika kwamba anga imefungwa, kisha waambie wasomaji wako imefungwa kwa ombi la nani, kwa sababu ipi, na hadi lini.