Kitabu cha Wageni



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo wengi hulipita pasipo kulifikiri, nalo ni kitabu cha wageni. Sisi watu wa Chonyonyo tu wasafiri. Huyu ampeleka mgonjwa hospitali, huyu aenda Kayanga au Bukoba kwa kazi ya shule, huyu afuata fedha ya kahawa yake. Usiku ukiingia njiani, hapana budi kulala katika nyumba ya wageni; na pale mlangoni mtu huulizwa: U nani? Watoka wapi? Waenda wapi? Kitambulisho chako kiko wapi?

Kuuliza huko si vibaya. Mkoa wetu wa Kagera umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mwenye nyumba yampasa kujua amlaza nani. Mwizi akipita, au binti wa shule akiletwa na mtu asiye mzazi wake, kitabu kile chaweza kuwasaidia askari. Basi hatusemi kwamba mgeni asiulizwe. Twauliza neno jingine: yaliyokwisha kuandikwa, nani huyatunza, na nani huyasoma?

Nchi yetu ya Karagwe yafaa kulijua jambo hili kuliko nyingine. Mwaka 1861 Mtawala Rumanyika aliwapokea wageni wawili Waingereza, Speke na Grant, kwa ukarimu mwingi. Speke akapewa ruhusa ya kumpima mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala, unene wa mikono na mapaja yake. Mwaka 1863 vipimo vile vilitokea katika kitabu kilichopigwa chapa Uingereza, vikasomwa na maelfu ya watu. Yaliyotolewa nyumbani kwa wema yalikwenda mahali ambapo mwenyewe hakupajua. Ndivyo yalivyo mambo yakiisha kuandikwa: yana miguu.

Mwalimu mmoja wa kike alitusimulia yaliyompata. Alisafiri kwa kazi ya mitihani, akalala katika nyumba ya wageni ambayo hatutaitaja. Aliandika jina lake, kazi yake, namba ya simu na namba ya chumba. Kitabu kikaachwa wazi mezani, na kila aliyeingia nyuma yake akasoma mistari ya juu kabla ya kuandika mstari wake. Saa tano ya usiku simu ikalia. Mtu asiyemjua akamwita kwa jina lake, akamtajia na chumba chake. Mwalimu akasukuma kitanda mlangoni, akakesha hata alfajiri. Hakuna kilichoibiwa usiku ule ila usingizi wake. Lakini tangu hapo huogopa kusafiri peke yake. Wazazi wenye mabinti wataelewa.

Tena, kuna namba ya kitambulisho cha Taifa. Namba ile ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwake mwenye nayo. Aliyeinakili amejua umri wako pasipo kukuuliza. Na siku hizi wako wahudumu wanaopiga picha ya kitambulisho kwa simu zao wenyewe. Mhudumu akiacha kazi, picha huondoka naye. Simu ikiuzwa au ikiibiwa, uso wako na namba yako vimekwenda pamoja nayo, navyo ni vitu ambavyo mwovu aweza kuvitumia ili ajifanye wewe.

Msidhani kwamba wakubwa wamesalimika. Tarehe 30 Novemba 2018 kampuni ya Marriott, yenye hoteli katika nchi nyingi, ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameingia katika kompyuta za hoteli za Starwood tangu mwaka 2014, wakafikia habari za wageni mamilioni mengi. Katika hizo zilikuwamo namba za paspoti zaidi ya milioni 5 zilizowekwa wazi, pasipo kufichwa kwa maandishi ya siri. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uingereza waliitoza kampuni ile faini ya pauni milioni 18.4. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kulipa na kwenda zao siku nyingi, lakini habari zao zilikuwa zingali zimelala pale. Twasema akiba haiozi; lakini akiba ya siri za watu huoza, nayo hunuka mbali.

Kwetu Tanzania iko sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo halali na linalojulikana, zisizidi haja, zitunzwe kwa usalama, wala zisiwekwe kupita muda unaohitajiwa. Aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Basi, tufanyeje? Msafiri, onyesha kitambulisho, ukakirudishe mfukoni; usikubali kukiacha mezani kama rehani. Ukitakiwa picha, uliza kwa upole ni ya nini na itawekwa wapi, na kama haitoshi kuandika namba. Kuuliza si ujinga. Nawe mwenye nyumba ya wageni, funika mistari ya juu mgeni anapoandika, usitaje namba ya chumba mbele za watu, na kitabu ukifungie ndani ya kabati.

Nasi walimu tusijione safi. Orodha za wanafunzi, pamoja na namba za simu za wazazi wao, zimetupwa mara ngapi juu ya meza ya ofisi, au kufungiwa karanga sokoni? Tuanze kwetu.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye yampasa kupona. Akitupa jina lake ametupa amana. Na amana haiachwi wazi mezani.