Mtu Anapozama Ziwani, Nani Ajibu?

Haya ni maneno ya mazungumzo yetu ya radio. Tumeyapiga chapa ili asiye na radio asome, au asomewe na mtoto wake.

Mama mmoja alituuliza hivi: "Ninyi watu wa sheria mnasema kila kifo kina mwenye kujibu. Wetu walikufa majini. Tumshitaki nani, upepo?"

Swali hilo ni zito. Tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka 2014, boti ilizama katika ziwa Albert, upande wa Uganda. Ilibeba Wakongomani waliotoka katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, wakirudi kwao. Miili zaidi ya mia moja iliopolewa, na kati yao watoto wengi. Serikali yetu ilitangaza kwamba waliokufa ni 251. Tazameni tofauti ya hesabu hizo mbili. Hapo katikati wamo watu zaidi ya mia ambao hawakupata kaburi. Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Hayo si ya mwaka ule tu: mwanzoni mwa 2018, wakati maelfu ya watu walipokimbia mauaji ya Djugu kwa mitumbwi, wengine tena walizama kabla ya kufika ng'ambo.

Watu husema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sibishani na imani ya mtu. Lakini Mungu hakukata tiketi, wala hakupakia watu.

Wengine husema mwenye kujibu ni mwenye boti. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Sheria yetu ya adhabu inamkamata mtu aliyesababisha kifo kwa kukosa uangalifu, hata kama hakutaka kuua. Na sheria ya madai inasema aliyeleta hasara kwa uzembe wake lazima aifidie. Basi nahodha anayepakia watu mara mbili ya kipimo, usiku, bila jile za kuogelea, asijifiche nyuma ya upepo. Lakini tukiishia kwake, wakubwa watapumua. Kila ajali inapotokea, anakamatwa nahodha kama yuko hai, na jambo limekwisha.

Tujiulize, kwa nini mama alipanda boti ile? Alipanda kwa kuwa alikuwa mkimbizi. Alikuwa mkimbizi kwa kuwa kijiji chake kilishambuliwa. Kijiji kilishambuliwa kwa kuwa hakikulindwa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 52 kinasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Kwa hiyo daraka linaanza pale kijijini, siku ya kwanza ya kukimbia, kabla maji hayajaonekana.

Na njia ya kurudi je? Mapatano ya Umoja wa Nchi za Afrika juu ya wakimbizi, ya mwaka 1969, yanasema mkimbizi hawezi kurudishwa kwa nguvu. Hilo wengi wanalijua. Kuna neno lingine wasilolijua: nchi iliyompokea, ikisaidiana na nchi yake mwenyewe, inapaswa kutengeneza mpango mzuri ili anayeomba kurudi arudi salama. Kongo na Uganda zote mbili zimeyakubali mapatano hayo. Watu wa 2014 walikuwa wakirudi kwa hiari yao na kwa njia yao wenyewe. Hiari yao haifuti daraka la serikali hizo mbili. Mtu akichoka kungoja, akasikia kwamba kwao kumetulia, atajipangia safari. Kiongozi anajua hivyo, au anapaswa kujua.

Tuangalie ziwa Kivu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiitazama kwa macho. Ilitoka Minova. Ipo barabara ya Minova kwenda Goma, lakini vita ilikuwa imeikata, na watu na mizigo wakasukumwa majini. Gavana wa Kivu Kusini alisema walikuwamo watu 278. Tangu mwaka 2019, baada ya ajali nyingine katika ziwa hilohilo, Rais Tshisekedi alikuwa ameagiza abiria wavae jile. Agizo bila mtu wa kulisimamia bandarini ni karatasi.

Msidhani mambo haya ni ya Kongo peke yake. Mwaka 2009 meli za Italia ziliwakuta Wasomali na Waeritrea katikati ya bahari, zikawarudisha Libya bila kuwauliza wanakimbia nini. Watu 24 kati yao walishitaki, na mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaihukumu Italia iwalipe. Italia ilikuwa imejitetea kwamba yote yalitokea bahari kuu, mbali na nchi yake. Mahakama ilikataa: mtu akiwa mikononi mwa meli ya serikali, sheria iko naye hata majini.

Sasa niseme neno gumu, nanyi mnivumilie. Sisi wa Aveba tumekwisha kufundishwa jambo hili kwa uchungu. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2014, majuma mawili tu kabla ya boti ile kuzama, mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu Germain Katanga, aliyekuwa kamanda hapa kwetu, kwa mambo ya Bogoro ya mwaka 2003. Sisemi hili ili kufungua kidonda. Nalisema kwa sababu ya namna alivyohukumiwa: hawakusema aliua kwa mkono wake. Walisema alisaidia, kwa silaha zilizopitia hapa Aveba zikagawiwa wapiganaji. Kosa la jinai na uzembe wa kazi si kitu kimoja, na hakimu hawezi kuvipima kwa kilo moja. Lakini neno "mimi sikuwapo" halimwokoi mkubwa kila mara. Hata yule aliyetuma vijana kuchoma nyumba za jirani ana fungu lake katika mtoto aliyezama miezi sita baadaye.

Mashefu wa lokalite na wa grupema, nanyi mko ndani. Kule bandarini Kasenyi na Tchomia kuna watu wanaopokea kodi ya kila boti. Anayepokea kodi anaweza pia kuhesabu vichwa. Daftari moja na kalamu: jina, kijiji, anakokwenda. Nakala ibaki pwani, kwa maana daftari iliyo ndani ya boti huzama na boti. Na shefu anayewaambia watu wake "rudini, kumetulia", aende kwanza mwenyewe akaone.

Mama aliyeuliza, wewe nakujibu mwisho. Upepo haushitakiwi. Lakini sheria yetu ya jamaa inaruhusu mahakama itangaze kifo cha mtu ambaye mwili wake haukuonekana, ikiwa alipotea katika hatari kama ile. Bila karatasi hiyo, mjane na yatima watasumbuliwa juu ya shamba na urithi. Tafuta watu wawili waliomwona akipanda, au waliookoka, waandike wanayoyajua na kutia sahihi wangali wanakumbuka. Shefu wako aandike kwamba alikuwa mkaaji wa kijiji chake. Barua ya kuomba haihitaji maneno makubwa. Juma lijalo nitaisoma hapa radioni polepole, neno kwa neno, ili kila mtu aweze kuinakili.